Kinyausi, Ukungu wa Kijivu na Mizizi Inayooza: Wasomaji Wanauliza Kuhusu Miche ya Miti Ndani ya Kitalu Nyumba

Barua za toleo hili karibu zote zinaelekea upande mmoja: miche ya miti inaota vizuri ndani ya kitalu nyumba, kisha inaoza, inaota ukungu au inanyauka bila sababu inayoonekana. Barua zilizofanana tumezijibu kwa pamoja. Mtaona tunarudi kwenye maji na hewa mara nyingi kuliko kwenye dawa, na tumefanya hivyo kwa makusudi. Vimelea vya kuoza vipo karibu kila penye udongo. Kinachoamua kama vitaua miche ni mazingira tunayovitengenezea.

SWALI: Wataalamu, naomba msaada wa haraka. Nimesia mikaratusi na misindano kwenye trei. Imeota vizuri, lakini baada ya siku chache ikaanza kulala chini, shingo imekuwa nyembamba kama uzi. Kila asubuhi nakuta duara jipya limeanguka. Namwagilia asubuhi na jioni ili isikauke. Nimenyunyizia majivu juu ya udongo lakini hali ni ileile.
*Mwenye kitalu kidogo*

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Huo ni kinyausi, yaani ugonjwa wa kuoza shingo na mizizi ya miche michanga. Unaua haraka kwa sababu shina la mche mchanga bado ni laini. Mche ukivuka wiki ya nne hadi ya sita na shingo ikaanza kukomaa, hatari inapungua sana. Vita yako basi ni ya wiki chache, lakini kila siku moja ina uzito.

Acha kumwagilia jioni kuanzia leo. Maji ya jioni hukaa usiku kucha kwenye shingo ya mche, na huo ndio muda vimelea wanaouhitaji. Mwagilia asubuhi tu, mapema kiasi kwamba kufikia saa nane mchana majani na uso wa udongo viwe vimekauka. Kabla ya kumwagilia tena, subiri uso ubadilike rangi na ukauke kwa kina cha nusu sentimita hivi. Mbegu iliyoshaota ina mzizi chini ya hapo, haitakufa kiu. Fungua pande za kitalu hewa ipite.

Kisha toa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake, na uvuke duara kwa sentimita 2 au 3. Iliyo ukingoni inaonekana mizima ilhali imeshaguswa. Iweke moja kwa moja kwenye mfuko na kuutoa nje ya kitalu. Usiitupe chini ya meza wala kwenye lundo la mboji, na usijazie miche mipya kwenye pengo hilo.

Majivu yaache kabisa. Hukausha uso kwa siku moja, lakini yakishalowa yanapandisha pH ya udongo, yaani kipimo cha uchachu wake. Misindano hupenda pH ya 5 hadi 6, na miti mingi ya majani mapana 5.5 hadi 6.5. Udongo ukipanda juu ya hapo, kinyausi kwenye misindano huwa kikali zaidi. Kama unataka kufunika uso, tumia mchanga mkavu, safi na wenye chembe kubwa, kwa unene wa milimita 3 hadi 5. Maji hupita haraka kati ya chembe na shingo hubaki kavu.

Kabla ya kununua dawa, mjue adui, maana jina "kinyausi" linabeba vimelea kadhaa. Chukua mche ulioanza kuugua leo, si uliolala tangu jana. Uchokonoe kwa kijiti usikatike mizizi, uoshe kwenye kikombe cha maji, kisha uuangalie kwa lenzi.

Ukiona mizizi imegeuka kahawia na kulainika, na uozo wa majimaji unapanda kutoka chini, mshukiwa mkubwa ni Pythium. Huyu si kuvu halisi. Mbegu zake zina mikia na huogelea, kwa hiyo pale maji yanapotuama ndipo anaposambaa. Ukiona kidonda cha kahawia, kikavu kiasi, kilichobana shingo kwenye usawa wa udongo, na mche ukivutwa unatoka na chembe za udongo zikining'inia kwenye nyuzi nyembamba, huyo ni Rhizoctonia. Hupenda joto na hutambaa kwa duara, mche kwa mche. Ukiona miche imekufa mmoja huku na mmoja kule bila mpangilio, mara nyingi ni Fusarium aliyeingia na mbegu zenyewe.

Lakini angalia na jambo la nne ambalo si ugonjwa. Kama kidonda ni cheupe au cha rangi ya majani makavu, kipo upande mmoja tu juu kidogo ya udongo, na mizizi chini ni mizima, basi mche umeungua. Uso wa udongo wenye rangi nyeusi chini ya nailoni unaweza kuvuka nyuzi 50 za Selsiasi mchana wa jua kali. Tiba yake ni neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 na kufunika uso kwa mchanga wa rangi nyepesi. Wengi humwaga dawa wiki nzima kwa miche iliyoungua jua.

Sasa dawa. Metalaksili na propamokabu hufanya kazi kwa Pythium na ndugu yake Phytophthora, lakini hazimgusi Rhizoctonia wala Fusarium. Thiofaneti-methili ni kinyume chake: inawazuia Rhizoctonia na Fusarium, na kwa Pythium haina msaada. Ndiyo maana utasikia dawa fulani ilimsaidia jirani na kwako haikufaa. Soma kiambato kwenye lebo, si jina la biashara tu, fuata kipimo kilichoandikwa na uvae glavu na barakoa. Tena ujue kwamba dawa inalinda miche iliyo mizima. Shingo iliyokwisha kubanwa haifufuki.

Neno moja la mwisho hapa: usiweke mbolea ya naitrojeni katika wiki hizi za mwanzo. Mche unaolishwa naitrojeni nyingi huwa laini na mrefu, na unachelewa kukomaza shingo. Chakula kilichomo ndani ya mbegu kinatosha mpaka majani halisi yatoke.

SWALI: Nikiandaa udongo wa kuoteshea, wengine wananiambia niuchemshe, wengine niuanike chini ya nailoni. Lipi ni sahihi? Pia, je, ni vizuri kuweka kokoto chini ya kiriba ili maji yatoke?
*Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Njia zote mbili zinafaa. Tofauti ni muda ulionao na kiasi cha udongo.

Kwa mvuke, lengo ni kufikisha katikati ya udongo kwenye nyuzi 60 hadi 70 na kushikilia hapo kwa dakika 30. Chukua pipa la chuma, weka maji chini yenye kina cha sentimita 10 hadi 15, juu yake wavu unaosimama kwenye mawe, juu ya wavu gunia, kisha udongo. Funika, washa moto, chomeka kipimajoto kirefu mpaka katikati. Anza kuhesabu dakika pale katikati panapofika nyuzi 60, si mvuke unapoanza kuonekana. Udongo uwe na unyevu tangu siku moja au mbili kabla, maana vimelea vilivyolala kwenye udongo mkavu huvumilia joto zaidi.

Usipitishe nyuzi 80. Hapo unaua na viumbe wema wanaoshindana na vimelea, na udongo wenye mboji nyingi huanza kutoa amonia na manganizi kwa kiwango cha kudhuru mizizi. Udongo uliopikwa kupita kiasi hauna mlinzi: kimelea cha kwanza kuingia hutawala peke yake. Kwa sababu hiyohiyo, udongo ukishapoa usiuguse kwa sepetu iliyotoka kwenye udongo mchafu, wala usiufunike kwa gunia la zamani.

Kwa jua, tandaza udongo wenye unyevu kwa unene usiozidi sentimita 15 hadi 20, ufunike kwa nailoni angavu, si nyeusi, na uzike kingo zake. Acha wiki 4 hadi 6 katika majira ya jua kali. Nailoni nyeusi hushika joto yenyewe badala ya kulipitisha chini. Majira ya mawingu usitegemee njia hii.

Kwa hatua ya kuotesha tu, sisi tunapendelea mchanga mtupu wa mtoni, uliochekechwa, ukaoshwa na kupashwa joto. Hauna chakula cha kuvu na maji hayasimami. Mche ukishatoa majani halisi, uhamishie kwenye mchanganyiko wenye rutuba. Kwa trei, kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyooshwa chumvi sehemu 2 kwa pumba za mpunga zilizochomwa au perlaiti (chembe nyepesi za mawe ya volkano) sehemu 1 ni mwanzo mzuri. Kwa viriba, udongo wa juu wa msituni sehemu 3, mchanga sehemu 1 na mboji iliyoiva kabisa sehemu 1. Samadi isiyoiva isikaribie miche michanga.

Lakini uwiano wa kwenye karatasi haukuambii mchanganyiko *wako* unapumua kiasi gani. Upime hivi: ziba matundu ya chombo cha lita 1, jaza mchanganyiko bila kushindilia, mimina maji taratibu mpaka yang'ae juu, acha kama saa moja. Kisha weka beseni chini, zibua matundu, na pima maji yaliyotoka mpaka yaishe kudondoka. Maji hayo yameacha nafasi ya hewa. Yakiwa mililita 200 hadi 300, hewa ni asilimia 20 hadi 30, na mizizi itakuwa salama. Yakiwa chini ya 100, mchanganyiko huo utaozesha miche hata ukimwagilia kwa hesabu. Ongeza mchanga wenye chembe kubwa, perlaiti au pumba zilizochomwa, upime tena.

Kuhusu kokoto: hapana, na hili linashangaza wengi. Chukua sifongo pana, liloweshe, ulilaze mpaka liache kudondoka. Sasa lisimamishe wima, litaanza kudondoka tena. Maji hayakuongezeka, ila urefu umeongezeka, na urefu ndio unaoyavuta chini. Chini ya kila chombo hubaki tabaka lililoloa ambalo haliishi, na maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ushibe kabisa. Ukiweka kokoto, tabaka hilo bovu unalisogeza juu, karibu na mizizi. Tumia chombo kirefu zaidi, chenye matundu mengi zaidi, na ukiinue kutoka chini.

SWALI: Kila asubuhi nailoni ya kitalu changu inadondosha maji kama mvua. Misindano yenye miezi mitano imeanza kuota ukungu wa kijivu kwenye majani ya chini, juu ni mibichi kabisa. Jioni nafunga kitalu mapema ili kutunza joto. Ninakosea wapi?
*Mpanda misindano*

JIBU: Unakosea kwenye saa ya kufunga, na umetuandikia mapema vya kutosha kuiokoa.

Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko ya baridi. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 80 haionekani kuwa mbaya, lakini ikipoa mpaka nyuzi 16 na ushei inakuwa imejaa, na kila kilicho baridi kuliko hapo kinalowa: nailoni, vyuma, na majani. Ukifunga kitalu alasiri, unafungia ndani mvuke wote uliotoka kwenye udongo na majani tangu asubuhi. Usiku joto linashuka, mvuke unageuka umande, na umande unakaa kwenye majani kwa saa nyingi. Ukungu wa kijivu, yaani Botrytis, hauhitaji zaidi ya hapo. Hupenda nyuzi 15 hadi 23 na jani lenye maji.

Kwa hiyo saa moja kabla ya jua kuzama fungua juu na pande, hewa nzito itoke, iingie ya nje. Ndipo ufunge, na hata hapo acha mwanya wa juu kama baridi haiumizi. Hewa ya nje ikiwa baridi na yenye ukungu bado inasaidia, kwani ikiingia na kupashwa joto ndani inakuwa kavu. Kama una kipasha joto, kiwashe huku matundu ya juu yakiwa wazi kidogo kwa muda. Kupasha joto kitalu kilichofungwa kabisa hufukuza mvuke kutoka udongoni na kuuacha ndani.

Weka kipima unyevu katikati ya miche, kwa urefu wa majani yake, si ukutani. Lengo la mchana ni asilimia 60 hadi 80. Feni ndogo zinazosukuma hewa kwa mlalo, kasi ya mita 0.3 hadi 0.5 kwa sekunde, kiasi cha kutikisa majani kidogo, huzuia mifuko ya hewa iliyotuama. Ziwe zinafanya kazi usiku zaidi kuliko mchana. Matundu ya juu yakikaribia asilimia 15 hadi 20 ya eneo la sakafu, kitalu hujipumulia chenyewe mchana.

Kuhusu mahali ukungu ulipoanzia: Botrytis huanza kwenye kilichokufa. Vichwa vya miche vikishagusana, majani ya chini hukosa mwanga, yanakufa, yanabaki na maji, na ukungu unajenga hapo kabla ya kupanda kwenye shina. Ndiyo maana juu panaonekana pazuri. Ongeza nafasi: ruka mstari mmoja kati ya mistari ya viriba, au hamisha nusu ya trei. Ondoa majani yaliyokufa kwa mkono, lakini kwa utaratibu. Mche wenye unga wa kijivu ukiutikisa hutoa wingu la mbegu za ukungu. Ufunike kwa mfuko kwanza, ukate au uung'oe ukiwa ndani ya mfuko, na ufanye hivyo feni zikiwa zimezimwa.

Dawa ya Botrytis ikihitajika, badilisha kundi la kiambato kila mara. Kimelea hiki huzoea dawa moja haraka mno, na thiofaneti-methili ni miongoni mwa zile ambazo kimeshazizoea sehemu nyingi.

Nailoni inayodondosha ina tiba ya muundo pia. Paa lenye mwinuko mkali huyateremsha maji mpaka pembeni badala ya kuyaachia juu ya miche. Sakafu ya udongo iliyolowa iwekwe tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 5 hadi 10 na mfereji wa kutoa maji. Hapo kokoto zina kazi.

SWALI: Juu ya udongo wa trei zangu kuna utando mweupe kama pamba. Na nilipotoa mche mmoja wa msindano kwenye kiriba, nikakuta mizizi ina ukungu mweupe pia. Nimwage dawa gani?
*Mwanafunzi wa misitu*

JIBU: Usimwage chochote bado, hasa kwenye misindano.

Utando wa juu ya udongo kwa kawaida ni kuvu wanaokula vitu visivyooza vizuri, kama vipande vya mboji changa au maranda. Hawali mche. Ila wanakupa taarifa kwamba uso haukauki. Ukwangue kwa kijiko, punguza maji, ongeza hewa, na utaondoka. Utando wa kijani unaoteleza ni mwani, na ujumbe wake ni huohuo.

Ule wa mizizini ni jambo jingine, na ni habari njema. Misindano huishi kwa ushirika na kuvu wa mizizi. Kuvu huisaidia kufyonza maji na fosforasi, nayo huilipa kuvu sukari. Tazama mizizi mifupi ya pembeni: ikiwa imegawanyika kama herufi Y, minene kidogo, na imefunikwa na ala laini, na mzizi wenyewe ni mgumu, hiyo ndiyo kuvu njema. Mzizi unaooza ni mweusi, unateleza, una harufu ya uchachu. Misindano iliyokosa ushirika huu hudumaa na kugeuka njano au zambarau hata ukiipa mbolea. Kama umepika udongo wako, rudisha kuvu hao kwa kuchanganya sehemu 1 ya udongo wa juu kutoka chini ya misindano mikubwa yenye afya kwa kila sehemu 9 hadi 10 za mchanganyiko, miche ikishapita hatua ya kinyausi. Udongo huo unaweza kuleta na vimelea, hivyo usiuchukue pale ambapo miti inakufa. Na kumbuka kwamba baadhi ya dawa za kuvu zinazosafiri ndani ya mmea huua ushirika huu.

SWALI: Mbegu zangu zinaota ukungu kabla hata ya kuchipua, nyingine zikiwa bado kwenye friji ambako naziweka mchangani zipate baridi. Zimeshaharibika?
*Msomaji*

JIBU: Si lazima. Bonyeza chache kwa kidole, kisha uzipasue. Kiini kikiwa kigumu na cheupe au cha rangi ya maziwa, mbegu ni nzima na ukungu upo kwenye ganda tu. Kikiwa laini, kimebadilika rangi au ni kitupu, tupa. Mara nyingi ukungu huanza kwenye mbegu zilizokwisha kufa na mabaki ya nyama ya tunda, ndiyo maana kuosha na kupepeta ni nusu ya kazi.

Kwa zilizo nzima, ziweke kwenye mfuko wa wavu chini ya maji yanayotiririka kwa saa 24 hadi 48. Njia hii rahisi hupunguza sana Fusarium kwenye ganda. Yasiwe maji yaliyotuama, kwani hayo huwahamisha vimelea kutoka mbegu moja kwenda nyingine. Kisha zianike kivulini mpaka ganda lipoteze mng'ao wa maji, ndipo zirudi kwenye baridi. Mchanga wa kuzihifadhia ubanwe mkononi: ukidondosha maji, umezidi. Ushikamane tu. Fungua mfuko kila wiki upate hewa na uzigeuze.

Mbegu za parachichi zina hatari yake, Phytophthora cinnamomi, anayeozesha mizizi. Zioshe, kisha zizamishe kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa dakika 30, ukitumia kipimajoto na kukoroga muda wote. Zikitoka zipoze mara moja kwa maji safi. Zaidi ya hapo unapika kiini, chini ya hapo kimelea kinapona. Na mbegu hizi, pamoja na za mwembe, zisikaushwe ili kuzihifadhi. Zikikauka zinakufa.

SWALI: Vinzi weusi wadogo wanaruka kila ninapogusa trei. Wana madhara?
*Msomaji*

JIBU: Wakubwa hawana madhara ya moja kwa moja, ila viluwiluwi vyao hula vinyweleo vya mizizi na kubeba vimelea vya kuoza kutoka trei moja hadi nyingine. Kata kipande cha kiazi mbatata kibichi, kibonyeze juu ya udongo, kiangalie baada ya siku mbili au tatu. Ukikuta vijidudu vyeupe angavu vyenye kichwa cheusi chini yake, unao. Acha sentimita 1 hadi 2 za juu zikauke kati ya mwagilio na mwagilio, kwangua mwani, tundika karatasi za njano zenye gundi usawa wa miche. Wakizidi, mwagilia bakteria wa Bacillus thuringiensis wa aina ya israelensis. Kizazi chao hukamilika kwa wiki 3 hadi 4, hivyo rudia kila wiki kwa muda huo.

SWALI: Ninatumia trei za msimu uliopita na maji ya bwawa. Je, vinaweza kuwa chanzo?
*Kikundi cha kuotesha miti*

JIBU: Vyote viwili, ndiyo.

Trei kwanza zisuguliwe kwa brashi mpaka isibaki hata chembe ya udongo au mzizi mkavu, maana klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kufika kwenye kimelea. Kisha zilowekwe dakika 30 kwenye sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 kwa sehemu 9 za maji, zisuuzwe na kuanikwa juani. Plastiki inayohimili inaweza kuzamishwa badala yake kwenye maji ya nyuzi 75 hadi 80 kwa dakika 3. Jaribuni moja kwanza, isije ikapinda.

Maji ya bwawa huchukua Pythium na Phytophthora kutoka kila udongo unaotiririkia humo. Yachujeni, kisha yawekeni klorini mpaka maji yanayotoka kwenye mnyunyizo yawe na miligramu 2 za klorini huru kwa lita. Kwa lita 1,000 huanzia mililita 40 za dawa ya asilimia 5, lakini maji yenye tope hula klorini, kwa hiyo pimeni kwa vikaratasi vya kupimia maji ya bwawa la kuogelea na kuongeza polepole. Acheni ikae nusu saa kabla ya kumwagilia. Yakiwa na pH zaidi ya 7.5 klorini hupoteza nguvu. Na mdomo wa bomba usilazwe sakafuni hata mara moja. Utundikeni.

SWALI: Miche yangu ya mkangazi ina sentimita 30. Inanyauka mchana ilhali udongo ni mbichi. Nikiongeza maji inazidi. Nifanye nini?
*Msomaji*

JIBU: Mizizi inaoza, na mche una kiu kwa sababu hauna cha kunywea. Toa mmoja kwenye kiriba. Mzizi mzima una ncha nyeupe. Shika mzizi wa kahawia kwa vidole viwili uuvute: ganda likivuliwa na kuacha uzi mwembamba katikati, huo umeoza.

Tenga miche kwa kundi. Iliyooza zaidi ya nusu ya mizizi itoeni na udongo wake, hata kama juu bado ina majani, kwani ikipelekwa shambani itakufa na kuacha kimelea huko. Iliyobaki ipandisheni kwenye meza ya wavu yenye urefu wa sentimita 70 hadi 90, hewa ipite chini ya viriba, toboeni matundu zaidi pembeni karibu na kitako, na isitishiwe maji mpaka kiriba kiwe chepesi mkononi.

Kuanzia hapo tumieni mizani badala ya macho. Pimeni viriba vitano vilivyoshibishwa maji na kuacha kudondoka, chukueni wastani. Uzito ukishuka hadi asilimia 75 au 80 ya huo, mwagilieni mpaka maji yatoke chini, kisha msiguse tena mpaka ushuke. Siku za mawingu inaweza kuchukua muda mara mbili ya siku za jua, na hapo ndipo ratiba ya "kila asubuhi" inapoua. Mbolea isubiri. Baada ya wiki mbili au tatu chungulieni ukingo wa udongo: ncha nyeupe mpya zikionekana, anzeni na mbolea nusu ya kipimo, na punguzeni kivuli hatua kwa hatua kwa wiki 4 kabla ya kuipeleka shambani.